Pua ya Baba Chini ya Kitambaa

Juzi nilimpeleka binti yangu shuleni, barakoa usoni, na mwalimu akatupokea mlangoni naye kajifunika: "Mama, usijali, watoto wanazoea upesi." Nilitaka kumrukia. Si kwa sababu ya barakoa; ugonjwa ni ugonjwa, nitamvalisha. Ni hilo neno, kuzoea. Ngoja nikuambie, rafiki yangu, mimi nilivyozoeshwa.

Nilikuwa na miaka minane, mimi, mama na baba tunakaa mtaa wa Bwiza kwa Bibi mzaa mama. Asubuhi uani kulinukia mkaa na ndagala, dagaa wa kwetu, za kukaanga, cherehani ya jirani inalia nyuma ya ukuta, mimi nafagia kabla ya chai. Nikipita karibu, Bibi alinivuta pua akicheka: "Baba yako hakukupa macho, hakukupa masikio. Pua tu!" Mwaka wa kwanza wa vita Baba alitoka kwenda kazini mtaa wa Ngagara, hakurudi. Bibi hakunivuta pua tena.

Maana vijana walikuwa wameweka bariyeri, kizuizi cha kukagua watu, kwenye njia ya shule, na wao kabila la mtu walilisoma puani; la Baba ndilo walilolisaka. Upuuzi mtupu! Watu wana ndevu, wanapima pua ya mtoto aliyebeba daftari. Bibi akachana khanga yake kuukuu, akaipaka kitunguu saumu, akanifunga kuanzia chini ya macho. "Ukiwafikia, kohoa. Una kifaduro." Nikakohoa muhula mzima. Watoto wakaniita Kifaduro. Hata muuza maandazi alinirushia langu kwa mbali, kama mbwa.

Siku moja Bibi alinisindikiza. Kwenye bariyeri tukamkuta kijana wa mtaa wetu, aliyekuwa akifuturu kwetu kila Ramadhani. Pua yangu anaijua vizuri. Mwenzake akasema, "We mutoto, toa hiyo kitambaa." Bibi akanibana mkono mpaka ukafa ganzi. Yule kijana akanitazama, akatema mate pembeni.

"Achana naye. Iko na kifaduro, atatuambukiza wote."

Tukapita. Na Bibi akamshukuru! Kesho yake akampelekea sambusa kwenye sahani nzuri, ile ya wageni. Nilikuwa mtoto, lakini nilichemka. Tunamshukuru kwa lipi? Kwa kuniruhusu nitembee na uso wangu mwenyewe?

Bariyeri ilipoondolewa, sikuweza kula mbele ya watu bila kuziba pua kwa kiganja. Majirani wakacheka: "Maskini, amezoea." Apana! Sikuzoea. Nilifundishwa kuogopa sura yangu.

Bibi alishafariki. Pale uani wamejenga duka la simu. Wale vijana sasa ni baba za watu, wanasalimia kwa adabu, na wewe unatakiwa uitikie. Picha za Baba Bibi alizichoma zote mwaka ule, zisije zikaonwa na mtu. Kwa hiyo sura yake haipo popote duniani, isipokuwa hapa katikati ya uso wangu, na mimi kwa miaka yote ile niliionea aibu.