Nesi Alipomrushia Buhendwa Mpira

Asubuhi hiyo pikipiki tatu zilipanda mbio kuelekea hospitali moja ya Rusizi. Ya katikati ilibeba mtu aliyefungwa kwa raba za mizigo, kama gunia la mihogo.

Aliitwa Buhendwa. Naye mwenyewe ni dereva wa pikipiki. Waliomfunga ni wenzake wa kituo cha Gashonga.

Mkewe Eugénie, mwuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, mwenye asili ya Bukavu, alikuwa kwenye pikipiki ya nyuma, analia bila sauti.

Siku tano Buhendwa hakulala. Mbili za mwisho hakusema neno. Asubuhi hiyo aliitia moto pikipiki yake, akataka na yeye aingie humo humo motoni.

Katika chumba cha dharura, nesi Mukantwari akamchoma sindano. Saa moja baadaye Buhendwa alikuwa ametulia, lakini macho yameganda ukutani.

Nesi akaamuru raba zifunguliwe. Kisha akatoa mpira mdogo wa kitambaa.

Eugénie akawaka.

"Maman, bwana yangu anakufa, na wewe unamuletea mupira?"

"Dawa imeingia, Maman. Sasa namutafuta yeye mwenyewe."

Akaurusha. Ukamgonga Buhendwa kifuani, ukaanguka. Nesi akauokota, akarusha tena. Na tena.

Mara ya saba, sijui ya nane, mkono ukaudaka.

"Ukidaka, taja mahali ulipeleka abiria," nesi akasema. "Mimi naanza. Mururu!"

Akangoja.

"Bugarama," Buhendwa akasema.

Mukantwari akapiga makofi. Akaomba mgonjwa abaki: dawa asubuhi, michezo mchana, polepole mpaka arudi.

Jioni akaja Mirindi, kaka yake Buhendwa.

"Shemeji, hii ni mashetani. Huku banacheza kama batoto! Kuna chumba cha maombi kule Nzahaha."

Eugénie alikuwa hoi, na hasira ya ule mpira ilikuwa haijamtoka. Akasaini karatasi ya kutoka.

Mukantwari akawafuata mpaka getini. "Kumuombea si vibaya. Lakini dawa musikatishe. Na musimufunge."

Wakakatisha. Wakamfunga.

Siku tatu kwenye nguzo, anamwagiwa maji, anakemewa. Eugénie alipoomba afunguliwe aliambiwa imani yake ni ndogo. Akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakomla mpaka leo.

Siku ya nne, kulipokucha, kamba ilikuwa chini. Buhendwa hayupo.

Eugénie akakimbia mpaka mto Ruzizi. Akamkuta mama mmoja anafua.

"Mwanaume bila viatu? Nilimuona. Alisimama hapa sana. Niliinuka kuanika nguo, kugeuka, hayupo."

Eugénie akapiga magoti kwenye tope. Akaita jina la mumewe mpaka sauti ikakata. Mirindi akaenda kutafuta watu wenye miti mirefu ya kupekua maji.

Wakapekua mpaka mchana. Hakuna kitu. Eugénie alikuwa ameshaanza kujiuliza atawaambia nini wakwe zake.

Saa tisa simu ikalia.

"Maman Eugénie? Ni Mukantwari. Bwana yako yuko hapa."

"Maiti?"

"Hapana! Amejileta. Kwa miguu."

Kutoka Nzahaha mpaka pale, peku!

Eugénie alimkuta kwenye benchi la dharura, nyayo zimepasuka, vifundo vya mikono vimevimba.

"Nilifika ku muto," Buhendwa akasema polepole. "Nilitaka kuingia. Nikakumbuka kuna muntu mumoja aliniuliza kitu, na akangojea nijibu. Nikakuja kumutafuta."

Eugénie akaanguka miguuni pake. "Nisamehe, papa."

Hakusema amemsamehe. Alisema tu: "Karatasi ya kutoka, usisaini tena. Nitasaini mwenyewe."

Akaisaini baada ya wiki sita. Leo yuko nyumbani. Dawa anameza bado, na siku mbaya bado zinakuja. Zikija, Eugénie anakaa naye, anamuuliza, anangoja.

Wewe mwenye mgonjwa wa akili nyumbani, usimtoe mikononi mwa waliomfungua umpeleke kwa watakaomfunga. Eugénie mwenyewe ndiye aliyeniruhusu niandike haya, na maneno yake nayaweka kama alivyoyasema:

"Nilizania nesi anamuchezea bwana yangu. Kumbe wenye kumuchezea tulikuwa sisi."