Mama Pacha Atafuta Kanisa

Waliendelea kumwita Mama Pacha hata baada ya pacha kubaki mmoja. Homa ya uti wa mgongo iliingia nyumbani kwake watoto wakiwa na miaka minne. Ilimchukua wa kiume kwa siku tatu tu. Wa kike ikamwacha hai, lakini ikaondoka na masikio yake. Watu wengine waliona haya kulitamka jina hilo mbele yake, naye akawaambia waache woga. "Nilizaa wawili," alisema. "Kuzika hakufuti kuzaa."

Alikuwa mfuaji katika hospitali. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jengo la upasuaji: sakafu ya saruji yenye mfereji katikati, mashine mbili kubwa, na joto lililokuwa likikulaki mlangoni. Kazi yake ilikuwa kuchambua mashuka. Yenye damu yalilowekwa kwanza kwenye maji baridi, mengine yaliingia moja kwa moja kwenye mashine. Mwenzake wa zamu alikuwa mpiga pasi, mama mwembamba aliyeokoka tangu usichana wake, ambaye aliimba siku nzima kwa sauti ya chini.

Mwaka wa tano baada ya msiba, adhuhuri moja, Mama Pacha alifungua furushi kutoka wodi ya watoto akakuta kishuka kidogo cha kitanda cha mtoto, kimekunjwa vizuri kana kwamba hakijatumika. Akaketi juu ya rundo la nguo chafu akalia kama hajawahi kulia. Mpiga pasi alichomoa pasi, akaja kuketi kando yake. Hakuhubiri. Aliuliza tu, "Nikuombee?"

Mchana huo, kati ya mashuka yaliyolowa, Mama Pacha alimpa Yesu maisha yake. Mengi baadaye aliyatilia shaka, lakini saa ile hakuitilia shaka hata siku moja.

Kuokoka kulikuwa kwepesi. Kazi ilikuwa kujua aende kusali wapi.

Kwanza alimfuata mpiga pasi kwenye kanisa lake, moja ya yale watu wanayaita makanisa ya kiroho, lenye paa la bati na spika kubwa kila pembe. Alipokewa kama ndugu aliyepotea. Akafundishwa, akabatizwa kwa kuzamishwa mwili mzima bwawani, akatoka majini akitetemeka na kucheka. Jambo moja tu lilimkwama kooni. Mwalimu wa ubatizo alisema kwamba ule wa utotoni si ubatizo, ni kulowanishwa kichwa tu.

"Na mtoto aliyekufa akiwa na huo tu?" aliuliza.

Mwalimu aliangalia vidole vyake. "Huyo Mungu anamjua, mama."

Jibu halikuwa baya. Lakini alirudi nalo nyumbani likimkera kama kokoto kiatuni.

Binti alikuwa na miaka tisa sasa, anasoma shule ya viziwi, na kwa kusoma alikuwa moto wa kuotea mbali. Ibada za kanisa lile zilikuwa ndefu, na maombi yalitoka moyoni mwa kila mtu kwa wakati mmoja. Binti alimvuta mama yake nguo na kuuliza kwa mikono: wanasema nini? Wanaomba, alijibu mama. Wanaomba nini? Hapo Mama Pacha alikwama. Utatafsirije kwa mikono ilhali mikono yako iko juu na macho umefumba?

Jumapili moja mchungaji wa pale, kijana mwenye moyo wa moto, alimwita mtoto mbele. Aliweka viganja juu ya masikio yake, kanisa zima likaomba hadi jasho likawatoka. Kisha akasimama nyuma ya mtoto na kupiga makofi, huku akikanyaga kwa nguvu jukwaa la mbao. Mtoto akageuka. Kanisa likalipuka kwa shangwe. Mpiga pasi alianguka magoti akilia.

Mama Pacha aliyaona macho ya binti yake, akajua. Mtoto hakusikia makofi. Alihisi mbao zikitikisika chini ya nyayo zake.

Nyumbani mtoto aliuliza kwa mikono: mbona wamefurahi?

Katikati ya juma aliambiwa ajiandae kutoa ushuhuda. Hakulala vizuri siku tatu. Jumapili, kabla ya ibada, alimfuata mchungaji chumba cha nyuma.

"Mchungaji, mtoto wangu hasikii."

"Mama, usiruhusu shaka..."

"Si shaka. Nimebeba vyombo nyuma ya mgongo wake, nimeviangusha. Hakugeuka. Sitasimama mbele ya Mungu niseme kitu ambacho hakipo."

Siku mbili baadaye mchungaji alikuja hadi chumba cha kufulia, akasimama mlangoni akiwa ameshika kofia yake. "Nisamehe, mama," alisema. "Nilitaka sana asikie, hata nikaona amesikia." Mama Pacha alimsamehe palepale, kwa moyo mweupe. Lakini binti alikuwa amekataa kurudi kule, na mama hakumlazimisha. Mpiga pasi ndiye aliyeumia. Aliacha kuimba, na kwa miaka kadhaa walifanya kazi chumba kimoja wakisalimiana tu.

Hapo ndipo alipoanza kuzunguka. Kwa Wasabato alipata mzee aliyemfundisha Biblia kwa upole kuliko mtu yeyote. Akasoma, akakaribia kusadiki, lakini dhamiri yake haikusimama imara juu ya Jumamosi, naye hakutaka kujiunga kwa sababu ya upole wa mzee peke yake. Kwa Wabatisti alipenda mahubiri, ila suala la ubatizo wa watoto likawa lilelile, na kokoto lilelile. Mumewe, fundi wa majokofu, ambaye hakuwa ameokoka wala hakuwa mkorofi, alimtania kila Jumapili mchana: "Leo tumeokokea wapi? Wewe mwenzangu unaonja makanisa kama mchuzi jikoni."

Alicheka, kisha akaingia chumbani akalia. Mtu aliyeokoka na hana kanisa ni kama mgonjwa aliyepona asiye na pa kurudi.

Kanisa la Kilutheri, alimobatizwa yeye na wanawe, alilikwepa hadi mwisho. Wenzake wa lile kanisa la kwanza walimwambia limepoa. Kweli, alipoingia aliona mabenchi yaleyale, kinanda kilekile, na wazee waliosinzia. Alikaa na binti yake nyuma karibu na mlango, tayari kuondoka.

Mzee wa kanisa wa zamu akawapa kitabu cha ibada. Binti akakifungua kwa kuwa alifungua kila kitabu. Akasoma mstari, akainua macho kumwangalia mchungaji, akasoma tena. Akaweka kidole. Watu waliposimama, naye alisimama pamoja nao. Walipokiri dhambi, midomo yake ilicheza. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa: nani anasema, nini kinajibiwa, wapi pa kupiga magoti. Kidole kikateremka ukurasa baada ya ukurasa, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kwenda makanisani hakumvuta mama yake nguo.

Njiani kurudi binti alisema kwa mikono: nilijua wanaomba nini. Mama Pacha alisimama kando ya barabara, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Hata hivyo mlango haukufunguka mara moja. Mchungaji wa pale, mzee mwenye miwani minene, alimwita ofisini. Kwa utaratibu wao, aliyebatizwa mara ya pili alitakiwa kutubu ndipo arudi kwenye meza ya Bwana.

"Mama, unaukana ubatizo wa kwanza?"

"Siukani. Mama yangu alinileta hapa kwa imani, na mimi nikamleta mwanangu. Sasa yuko kwa Mungu."

"Basi unautubia wa pili?"

"Maji yale niliingia nikimpenda Yesu, mchungaji. Nikiyatubia nitakuwa nimedanganya. Nilishaondoka kanisa moja kwa kukataa kudanganya."

Mzee alivua miwani. "Kitabu changu hakina nafasi ya jibu hilo," alisema. "Nitawapelekea wazee."

Wazee walibishana miezi minane. Jumapili zote hizo wengine walipokwenda mezani, yeye alibaki kwenye benchi, na waliompita walimwangalia. Angeweza kwenda kwingine. Hakwenda. Mwishowe walikubali, isipokuwa mzee mmoja, ambaye mpaka anakufa alimsalimia kwa kuinamisha kichwa tu.

Mpiga pasi alikuja siku binti alipopata kipaimara. Alikaa nyuma, akaona ibada imepoa mno na nyimbo ni za polepole, na alimwambia hivyo bila kuzunguka. Kisha akamshika mkono. "Lakini mtoto alikuwa anajua kila kitu," akasema. "Nilimtazama." Tangu siku hiyo aliimba tena kazini. Kila mmoja akabaki na kanisa lake, wakaombeana.

Mama Pacha amestaafu sasa. Nyumbani bado huomba kwa mikono juu na kwa sauti, mumewe akijifanya amelala. Wasichana waliookoka juzi humjia na swali lilelile: kanisa gani ndilo la kweli? Yeye hawajibu kwa haraka.

"Soma Biblia yako, na usiseme uongo kwa ajili ya kanisa lolote," huwaambia. "Halafu niambie, nyumbani unaishi na nani?"

Mmoja alimjibu, "Na bibi yangu. Hawezi kutembea."

"Basi anza na lile atakaloweza kulifikia bibi," akamwambia, akainuka kumsindikiza.