Kulthum Hakuvunja Eda

Kulthum binti Ghalib hakuvunja eda. Hilo lisemwe kwanza, kwa sababu Mkomani kuna watu wanaoapa kwamba mjane huyo alionekana katika ukumbi mmoja wa mjini, safu ya tatu, siku tisa kabla ya eda kwisha, amevaa buibui lake lenye ushanga mikononi, akitazama vijana waliovaa nguo za kubana wakirukaruka. Buibui lilikuwa lake. Nguo zilibana. Mengine ni uongo.

Alizaliwa Changamwe, binti wa fundi wa mitambo. Baleti alifundishwa tangu ana miaka saba na mke wa mhandisi mmoja wa kigeni, ambaye jioni hakuwa na kazi nyingine. Alipofika kumi na tisa alikwenda Ujerumani, akacheza miaka kumi na mmoja katika kundi la mji mdogo wenye mvua nyingi. Hakuwa mchezaji wa mbele. Alikuwa wa safu ya pili, wa tatu kutoka kushoto, na hajapata kumwambia mtu vinginevyo. Kisha nyonga yake ya kushoto ikachakaa. Daktari akampiga picha, akamwonyesha, naye akafunga mizigo.

Akaolewa na Junaid, karani wa forodha. Junaid hakujua baleti ni nini, lakini alijua mkewe hawezi kukaa bure. Akamtafutia chumba Ziwa la Ng'ombe, juu ya duka la saruji, na humo Kulthum akafundisha kundi la vijana sita kwa miaka minne. Alikuwa na njia moja tu ya kufundisha: "Nitazameni." Walimtazama. Akiinua mkono, waliinua. Akigeuza shingo, waligeuza. Maneno hakuyaonea haja.

Junaid ndiye aliyewapa mkono wenye ukumbi wa mjini, kwamba kundi litafanya onyesho lake la kwanza mwezi wa Julai. Mwezi wa Machi presha ilimpanda, akafia kazini kabla ya adhuhuri, na alasiri akazikwa.

Mwezi mmoja baada ya mazishi, wachezaji walifika nyumbani. Fancy, mchezaji wao mkuu, aliyekuja Mombasa kutoka bara kufanya kazi ya kiwandani, alisimama mlangoni.

"Madam, tuwaambie wenye ukumbi haiwezekani?"

Aliyejibu si Kulthum. Ni Rahima, dada mkubwa wa marehemu, aliyehamia hapo kumlindia wifi yake eda kama askari wa lango la bandari.

"Ndugu yangu hakusema uongo akiwa hai. Hatausema akiwa kaburini. Onyesho lipo."

"Na Madam atatufundisha aje, kama hatoki?"

"Hatoki. Nyinyi mna miguu. Njooni."

Basi wakawa wanakuja uani mara tatu kwa wiki, saa nne za asubuhi. Kulthum alikaa chumbani, pazia limeshushwa. Rahima alikaa kizingitini juu ya mbuzi, akikuna nazi ambazo hakuna aliyezihitaji. Muziki haukupigwa, nyumba ina msiba. Kulthum aliwapigia mapigo kwa mchi sakafuni.

Vishindo vikamfikia jirani, Bi Mwanarusi.

"Mjane wenu atwanga nini kila siku?" akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Atwanga yasiyomhusu mtu," akajibu Rahima.

Siku ya tatu Kulthum alisimamisha mchi. Vijana walikuwa wameruka, na katika kutua alisikia mguu wa kushoto unachelewa, unaburura kidogo. Alidhani ni Kyalo, kijana mzito kuliko wote. Akamwambia apumzike. Mburuzo ukabaki. Akampumzisha Fancy. Ukabaki. Akawatoa mmoja mmoja mpaka akabaki Dancun peke yake, naye akaruka, akatua, akaburura.

"Dancun, umeumia mguu?"

"Hapana, Madam. Niko sawa."

"Mbona wachechemea?"

Kyalo akasema, "Si ndivyo unavyofanya, Madam? Sisi tulidhani ni staili."

Rahima akaacha kukuna nazi.

Kwa miaka minne Kulthum alikuwa amewafundisha nyonga yake mbovu, nao, kwa kuwa ni wanafunzi watiifu, walikuwa wameihitimu.

"Toka dakika moja tu, Madam," Fancy akasihi. "Utuonyeshe ile ya sawa. Hakuna mtu ataona."

Mkono wa Kulthum ulikuwa umekwisha kushika pazia. Rahima aliuona, akarudia nazi yake. Kulthum akaliachia pazia.

"Nitoke niwaonyeshe nini?" alisema. "Ile ya sawa sina."

Akakaa chini, akaanza kutafuta maneno. La kwanza halikufaa, la pili likawachekesha. Mwishowe akasema, "Tueni kama mtu anayeweka mtungi wa gesi chumbani alimolala mtoto mchanga."

Wakaruka. Wakatua.

"Hapo sasa umesema, Madam," akajibu Kyalo.

Siku ya onyesho alikwenda Rahima, kwa sababu ilipasa mtu wa nyumba ya Junaid awepo. Buibui lake mwenyewe lilikuwa kambani, bichi, akaazima la wifi yake. Kabla ya kuketi safu ya tatu alimpigia Kulthum, akamwachia Dancun simu ailaze sakafuni pembeni mwa jukwaa. Kulthum aliusikia muziki, na chini ya muziki miguu ya watu sita. Ilitua pamoja. Wa kushoto haukuchelewa hata mmoja.

Eda ilipokwisha alirudi Ziwa la Ng'ombe na kiti. Anafundisha akiwa amekaa.

Bi Mwanarusi alikuja kumpa mkono wa kutoka eda.

"Shikamoo, Bi Mwanarusi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekubali, ukumbini hukwenda. Lakini jioni ile nalisikia kishindo chumbani mwako. Wanafunzi wako wote walikuwa mjini, na mchi naliuona uani, umelala."

"Nilikuwa nyumbani mwangu, mlango umefungwa, na eda yangu nimeitimiza."

"Sikuuliza hilo."

"Nami nimejibu hilo. Utakunywa kahawa, au una haraka?"