Onja Mgeni Akuone

Kwetu Mwazye anayekukaribisha pombe ya ulezi huonja yeye kwanza, ndipo akupe kata. Ni heshima, maana yake kinywaji ni salama. Meneja wa ghala la mazao pale Sumbawanga, mtu wa kuja, aliisikia desturi hiyo akaifanya fimbo ya kunichapia.

Tulikuwa wapishi wawili wa wafanyakazi wa ghala, mimi na dada mmoja wa mkoa alikotoka meneja. Zamu yake watu walikula tu. Zamu yangu nilisimamishwa mbele ya meza nionje ugali, nionje maharage, hata maji, makuli wakitazama. Meneja alisema Wafipa anatujua kwa sumu na uchawi. Karani wake akaongeza kwamba nikikasirika nitawapiga radi, wakacheka. Hao wawili ndio walionitesa, nao wanajijua.

Wa tatu ni katibu wa tawi la chama, Mfipa mwenzangu. Kila mkutano alituhubiria kwamba watu wote ni sawa. Nilipomwendea akanijibu kwa Kifipa, sauti chini, eti ni utani wa kazini. Nilikuwa kibarua mjane niliyeahidiwa ajira ya kudumu, basi nikanyamaza. Nilinyamaza sana.

Siku moja meneja alipata mgeni kutoka wilayani. Nilikuwa nimepika dagaa wa Kirando. Hata sijamaliza kuweka sahani, akaniita: "Mama, njoo uonje, mgeni akuone."

Nikaweka kijiko mbele yake.

"Ndugu meneja, kwetu anayeonja ni mwenye nyumba. Hapa mwenye nyumba ni wewe. Onja."

Kuli mmoja akaguna, "Hapo sasa." Mgeni akauliza kuna nini, meneja akasema tunataniana. Nikamwambia mgeni kwamba sitaniani na mtu, ninaonjeshwa chakula kwa sababu ni Mfipa, na mwenzangu haonjeshwi. Mgeni akainamia sahani yake. Wakubwa kwa wakubwa.

Jioni ileile nikaambiwa nisirudi. Ajira akapewa yule dada. Yeye simlaumu, hakuomba.

Katibu alinifuata getini, mikono nyuma. "Dada yangu, ungevumilia kidogo tu, ajira ilikuwa yako."

"Kaichukue wewe," nikamwambia. "Wewe kuinama umeshazoea."

Nikashika njia ya Mwazye. Hao watatu sijawahi kuwaomba radhi, wala sitawaomba.