Renatha na Mkwe wa Kitabuni

Renatha alipokwenda Rubwera kurudia mtihani wa kidato cha sita, mimi ndiye niliyebaki na watoto wake. Nasema hivyo mapema mjue kwamba sisimulii ya kusikia. Naitwa Vero, nashona nguo hapa Kibingo. Shamba langu na lao yametenganishwa na mstari wa mikahawa tu, na mambo ya nyumba ile nayajua, hata yale nisiyopenda kuyajua.

Alikuwa anatafuta kitu kimoja: kufaulu Kiingereza. Karatasi ya kwanza, ya lugha, haikumpa shida. Iliyomtesa ni ya pili, ya fasihi, yenye riwaya na tamthiliya na mashairi. Kiswahili alishafaulu zamani, historia ilimshinda akaachana nayo. Sasa chuo cha ualimu kinataka masomo mawili yaliyofaulu sawasawa, na yeye kwenye Kiingereza alikuwa na S, alama isiyotosha chuo. Hiyo S ni kama kukaribishwa harusini halafu ukaambiwa ule ukiwa umesimama nje. Alishairudia kabla ya safari hii, ikatoka S ileile.

Miaka yote hiyo alikuwa akifundisha kwa kujitolea katika shule ya msingi. Watoto walimwita mwalimu, wazazi walimwita mwalimu, serikali haikuwa na habari naye. Zamani haikuumiza sana, kwa sababu kibanja, lile shamba lao la migomba, kilikuwa kinalisha nyumba. Kisha mnyauko ukaingia kwenye migomba. Ukiona jani linajikunja na kuwa njano, na ndizi inaiva kabla ya wakati, ujue hilo shina ni la kukatwa na kufukiwa. Cleophace, mume wake, alikata na kufukia mpaka kibanja kikabaki na mapengo, tukawa tunaonana nyumba kwa nyumba tulipokuwa hatuonani. Siku moja akiwa amesimama na panga katikati ya mapengo hayo, akamwambia mkewe, "Mama Aine, rudia mara hii. Ukikosa, ushike jembe kama wenzako, tusaidiane kwa hiki nilichobakiwa nacho. Mtihani mwingine hakuna."

Cleophace si mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na mimi simlaumu, ingawa siku ile nilitamani kumchapa na ule mwiko niliokuwa nao mkononi.

Jumamosi Renatha alikuwa anapanda bodaboda kwenda Rubwera kwa mwalimu Byabato, anayewafundisha watu wazima wanaorudia mitihani. Darasa zima lilikuwa na nakala moja ya ile riwaya, ikawa inazunguka. Zamu ya Renatha ilipofika akaisoma yote, akapika nayo, akanyonyesha nayo, kisha akamkabidhi aliyefuata, kijana anaitwa Projest. Byabato akawaambia: kitabu hamtakiona tena hadi mtihani, kwa hiyo msimulieni mtu nyumbani. Msimulieni kila siku, mpaka awaulize maswali. Ushauri mzuri kabisa. Kama angejua nyumba aliyokuwa anaupeleka!

Kwa sababu aliyekuwepo nyumbani wa kusimuliwa ni Benadeta, mama mkwe.

Benadeta ni mama wa Legio ya Maria kanisani, ana sauti ya kuita mtu aliye kilima cha pili, na alikuwa hataki kusikia habari za shule ya mke wa mwanawe. Mwanamke ana watoto, anakwenda kukaa kwenye dawati! Lakini hadithi alikuwa anazipenda kupita kiasi. Renatha akatumia akili. Jioni wakimenya ndizi akaanza kumsimulia ile riwaya kwa Kinyambo, kidogo kidogo. Siku ya tatu yule mama mwenyewe ndiye aliyesema, "Acha kuni, nitaleta mimi. Wewe kaa uniambie yule binti ilikuwaje." Basi Renatha akapata muda wa kusoma. Nilimpongeza. Nilimwambia, wewe umemweza.

Sasa sikilizeni tatizo lilipo. Kitabu kinamhusu binti anaitwa Selina, ameolewa kwenye mji wa machimbo. Mama wa mumewe anamchukia kwa kuwa hajazaa. Anamtia maneno, anamtafutia mwanawe mke mwingine, na mwisho anamtupia nguo zake barabarani mbele za watu. Ndiyo riwaya yenyewe hiyo. Ukimtoa huyo mama mkwe, hakuna kitabu.

Na kwetu hapa, hadithi ikisimuliwa jikoni huwa ina mtu inayemlenga. Wanawake hatugombani kwa mdomo wazi. Unamsikia mtu anasimulia habari za sungura mwizi wa maharage, unajua ni wewe, unanyanyuka unakwenda kwako umenuna. Mkamwana akikaa na mama mkwe wake ana kwa ana na kumsimulia habari za mkwe katili, hiyo si fasihi tena, hayo ni matusi. Kesho yake ukoo mzima umekaa kikao.

Renatha alinisimulia mwenyewe jinsi alivyofika mahali pale. Kisu mkononi, Benadeta amekaa mbele yake anasubiri, na ulimi ukakataa. Akasema, "Basi kulikuwa na jirani." Mama mkwe wa Selina akamfanya mtu mwema, mwenye huruma, anayemtetea Selina. Ubaya wote akamtwisha huyo mwanamke jirani.

Benadeta akaipokea hadithi hiyo kwa mikono miwili. Alimchukia yule jirani kwa moyo wake wote. Akawa anamjibia Selina, anamtungia jirani maneno ya kusema na kashfa za kurudishiwa. "Alimwambia tumbo lako ni mtungi uliotoboka! Sema hivyo, Mama Aine, mtu kama yule lazima alisema hivyo!" Renatha anacheka, kesho yake anasimulia na mtungi uliotoboka ndani yake. Wakawa wanaijenga pamoja. Kwenye jumuiya ya sala Benadeta akawasimulia wenzake, nao wakawa wanamwuliza Renatha, jirani amefikia wapi? Mimi ndiye jirani wa karibu, na kuna wiki niliona kabisa yule mama ananitazama vibaya. Chumvi nikawa naomba kwa mwingine.

Nilimwuliza Renatha siku moja, "Na mtihani? Huchanganyi?" Akasema, "Naijua ya kweli, Vero. Hii ni ya mama." Nikamwamini. Mimi fasihi niliiacha kidato cha pili.

Mwezi wa tano ukafika. Alikonda. Akawa anaongea peke yake akichuma kahawa. Aliacha kula jioni, akisema chakula kinampa usingizi, na akimwona Cleophace anaingia na jembe begani anageuza macho. Asubuhi ya karatasi ya pili alikuja kuniachia mtoto mdogo, mikono yake ikiwa ya baridi kama ya mtu aliyetoka kisimani. Akaniambia, "Vero, nikikosa leo mimi ni nani?" Nilimfunga vizuri kitenge nikamwambia nenda, bodaboda inakusubiri.

Yaliyotokea mle ndani alinieleza baadaye. Alifungua karatasi, mashairi akayajibu, tamthiliya akaijibu. Akafika kwenye riwaya. Swali lilitaka waonyeshe jinsi mwanamke anavyoweza kuwa adui wa mwanamke mwenzake. Aliona giza kidogo. Kisha hadithi ikaja yenyewe, nzima, ikiwa na harufu ya jikoni, akashika kalamu. Aliandika bila kusimama. Anasema hajawahi kuandika Kiingereza kizuri namna ile, alikuwa anasikia raha. Akaweka na maneno ya wahusika, akayafungia alama za kunukuu. Mtungi uliotoboka akautia.

Alitoka anatabasamu. Nje ya uzio akamkuta Projest anawaambia wenzake, "Swali la riwaya lilikuwa la bure! Mimi yule mama mkwe nimemchambua kuanzia kumtafuta mke wa pili mpaka kutupa nguo."

Renatha alikaa palepale chini kwenye majani akiwa na sketi yake nzuri. Projest alidhani ni njaa, akamnunulia chapati. Hakuila. Alirudi nayo mpaka kwangu, akaiweka kwenye cherehani yangu, akasema, "Nimeandika jirani."

Mwanzo sikumwelewa. Nilipomwelewa nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani. Nilimkasirikia yeye, Benadeta, Byabato na darasa lake la kitabu kimoja, na sisi sote tusioweza kusikia habari ya mtu mwingine bila kujitafuta ndani yake. Renatha alilia hadi mtoto naye akaanza kulia. Kisha akanawa uso, kwa sababu upande wa pili wa mikahawa sauti ilikuwa inaita: "Mama Aine! Wameuliza ya Selina?"

Akajibu, "Wameuliza, mama."

"Maawe! Asante Bikira Maria!"

Ikawa tangu siku ile hadi mwezi wa saba yule mama anangojea ushindi, na Renatha anaishi humo humo ndani naye. Kila jioni alikuwa anasifiwa. Sijui alivyoweza. Alikuja mara nyingi kukaa kwangu, anaokota vipande vya vitambaa anavipanga, anavivuruga.

Matokeo tuliyaangalia kwenye simu yangu. S.

Tulikwenda pamoja kumwambia, maana peke yake asingefika. Cleophace alikuwa ukumbini ananoa panga. Alisikia, akaendelea kunoa polepole, akasema tu, "Sawa," na hiyo sawa iliniuma kuliko angepiga kelele. Ila Benadeta alisimama.

"Wamekuonea! Ile hadithi unaijua kuliko wao! Kesho napanda bodaboda nakwenda Rubwera kwa hao wakubwa, nawasimulia mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, waone kama ulikosea!"

Na angekwenda. Alikuwa anatafuta viatu.

"Mama, kaa," Renatha akasema. Akapiga magoti mbele yake. "Hakuna jirani. Kwenye kitabu hakuna jirani. Ni mama mkwe. Yeye ndiye aliyetupa nguo. Mimi nilibadilisha."

"Ulibadilisha kwa nini?"

"Niliogopa utadhani nakusema wewe."

Benadeta alikaa. Nilijiandaa kwa kelele. Hazikuja. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Ningedhani hivyo. Ningenuna wiki nzima, ningekwenda kulala kwa dada yangu. Halafu ningerudi, mwanangu. Ningerudi, na wewe ungefaulu."

Renatha akaegemeza kichwa kwenye magoti ya yule mama, akalia kwa sauti. Cleophace aliacha panga akatoka kwenda kwenye mapengo yake. Benadeta alimpapasa mgongo mpaka akatulia, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Basi nisimulie sasa. Ilivyoandikwa. Huyo mama alipomfukuza mkamwana wake alimwambiaje?"

Renatha akainua uso. Akafungua mdomo, akafumba. Niliona macho yake yakitafuta, yanakwenda huku na huku.

"Sikumbuki, mama," akasema. "Kila nikitafuta maneno yake, napata ya kwako."