Mama Mutie na Siku ya Mainjinia

Nduku alikuja Thika akiwa msichana, akamenya mananasi katika kiwanda kimoja huko Eneo la Viwanda mpaka maji ya mananasi yakamla vidole. Alipotoka kiwandani hakurudi kwao Ukambani kama wenzake. Alikaa Kiganjo, mtaa wa hapo Thika, akamlea mtoto mmoja, Mutie, kwa kupikia watu: matanga, harusi, mikutano ya vyama. Akikuambia chapati zake ni nzuri, hajisifu. Ni nzuri. Na akishasema neno, amesema, halirudi.

Siku hizo alikuwa akiwapikia mainjinia. Wangechi, mwenye biashara ya mapishi, alipata kazi katika ukumbi mmoja hapo Thika, ambako mainjinia na wale watu wa kupima miamba na udongo hukusanyika kusoma. Watu wazima, wengine na mvi, na bado wanasoma. Wangechi alimweleza kwamba wasipohudhuria hawapati pointi, na wasipopata pointi leseni inakufa. Kwa hivyo wanakuja. Wanakunywa chai na nduma, wanasikiliza, wanakula, wanapigwa picha pamoja kwenye ngazi, wanaenda.

Nduku hakuwa na neno nao. Neno lake lilikuwa na injinia mmoja tu, na huyo hakuwahi kumwona kwa macho.

Aliitwa Kiama. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa mjengo kule Mwihoko, upande wa Ruiru, ambako Mutie alikuwa akichimba shimo la maji taka. Shimo liliporomoka likamfunika. Walipomtoa alikuwa ameshakufa, mdomo umejaa udongo mweusi. Hilo Nduku angelibeba, watu hubeba. Lakini siku ya mazishi alikuja msimamizi kutoka kampuni, akachukua kipaza sauti, akasema wanasikitika sana, ila Injinia Kiama alikuwa amewakataza vijana kuingia shimoni, na Mutie aliingia kwa sababu alikuwa amelewa.

Mutie alikuwa ameokoka. Aliimba sauti ya chini kwenye kwaya, na pombe hakuionja tangu abatizwe. Kwaya ilikuwa imemtayarishia wimbo, wakaangaliana, wakakaa chini. Mchungaji aliomba kwa kifupi, kama mtu anayesubiriwa mahali. Kuanzia siku hiyo Kiganjo nzima ilijua kwamba mtoto wa Nduku alikufa mlevi. Nduku alitaka kitu kimoja duniani: aliyetuma neno hilo aje alifute, mbele ya watu wale wale.

Sasa, siku moja chai ya saa nne ikiendelea, mwenyekiti wao, mzee mmoja mnene anaitwa Ndung'u, alisimama mbele.

"Tunaingia kwa ile sehemu mnapenda," akasema. "Makosa yetu. Sheria mnaijua. Hakuna kutaja jina la mtu, hakuna kutaja ploti. Yanayosemwa hapa yanalala hapa, ndio tujifunze bila uoga. Injinia Kiama, karibu."

Nduku alikuwa katikati ya ukumbi na birika. Wangechi alimvuta aprini.

"Mama Mutie, twende jikoni. Kuku wanangoja."

"Wacha wangoje. Wameshakufa."

"Hawa wanasoma, mama."

"Hata mimi nataka kusoma."

Mainjinia wenyewe hawakumwambia atoke. Walifunga mlango ili mtu wa nje asisikie, wakamfungia ndani. Mwanamke mwenye birika hahesabiwi.

Kiama alikuwa mwembamba, sweta safi, sauti ya upole. Nduku alikuwa amemfikiria mnene. Picha ikatokea ukutani: shimo, na nyuma yake geti la buluu. Geti hilo Nduku alilijua. Ndilo alilolishikilia siku ile wakimzuia kuingia.

"Mvua ilinyesha usiku," Kiama akasema. "Watu wa udongo walikuwa wametuonya, huu mweusi ukiloa hausimami, wekeni mbao kwa kuta. Mbao zilikuwa kwa mjengo mwingine. Mwenye nyumba alikuwa ananisukuma. Nikasema kazi iendelee."

Mwanamke mmoja wa kupima udongo, Awiti, akainua mkono. "Lakini sisi tulisikia kijana alikuwa amelewa."

Kiama akatazama viatu vyake. "Hapana. Hayo tulisema kwa ajili ya watu wa bima. Hakuwa amelewa. Hata alikataa kuingia. Nikamwambia kama hataki, kuna wengine wamesimama hapo geti."

Mwenyekiti akasema, "Huo ni ujasiri. Si wengi wanaweza. Tumpigie makofi."

Wakampigia.

Nduku hakuangusha birika. Aliliweka juu ya meza, likakaa sawa, akaenda jikoni kuwatoa kuku. Watu waliolipiwa chakula wangekula.

Kiama alipofika kwenye foleni na sahani yake, Nduku alimwekea wali, akamwekea kuku, halafu hakuiachilia sahani.

"Injinia. Mimi ndiye mamake Mutie."

Kiama aliiachilia. Sahani ikabaki mkononi mwa Nduku.

"Pole sana, mama. Sikujua uko hapa."

"Ungejua ungesema nini?"

Kiama akautazama wali.

"Jumapili tuna ibada, Kiganjo," Nduku akasema. "Uje useme vile umesema hapa. Maneno yale yale, usiongeze. Ukimaliza, uende."

"Mama, yale ni ya darasani. Nikiyasema nje, ni kesi. Nina watoto."

"Mimi nilikuwa na mmoja."

"Acha nione vile nitakusaidia. Nipe namba yako, nikutumie kitu."

"Nimekuomba unitumie kitu?"

Watu wa nyuma walianza kuchungulia kwa nini foleni imesimama. Nduku akamgeukia Awiti, aliyekuwa wa pili.

"Wewe mama, umesikia akisema?"

Macho ya Awiti yalikuwa mekundu, hilo lazima lisemwe. "Tuna ile sheria yetu, mama," akanong'ona. "Nikiitoa nje, hakuna mtu atawahi kusema ukweli humu tena."

"Na huko nje je?"

Wangechi alikuja akamnyang'anya kijiko kikubwa. "Mama Mutie, unaniharibia kazi. Mimi sijasikia chochote, na wewe hujasikia. Kaa huko nyuma."

Alikaa nyuma, juu ya mtungi mtupu wa gesi. Kupitia dirishani aliwaona wakijipanga kwenye ngazi wapigwe picha. Kiama alisimama pembeni, halafu mtu akamvuta wakamweka katikati.

Jumapili Nduku alisimama kanisani mwenyewe, wakati wa ushuhuda. Alisema yote: ukumbi, picha, mbao, geti. Watu walimsikiliza kwa huruma, na huruma ndiyo iliyomchoma. Mchungaji akauliza polepole kama kuna mwingine aliyesikia. Nduku akamtaja Wangechi. Wangechi alikuwa amekaa kiti cha pili, akafungua Biblia yake akaanza kutafuta mstari. Baada ya ibada kina mama walimshika mkono mmoja mmoja wakimwambia Mungu amfariji, na mmoja akasema mzazi hawezi kukubali, ni kawaida.

Wangechi hakumwita kazini tena. Nduku hakumwomba.

Siku akiwa na nguvu, anavaa ile nguo yake ya ushirika wa kina mama, kitambaa cheupe kichwani, anaenda kusimama nje ya ule ukumbi. Anamngoja Kiama. Mainjinia hupita na magari yao wakiinua vioo. Awiti alisimamisha gari siku moja, akashuka, akamwambia kwamba Kiama haji tena. Siku hizi masomo yanapatikana kwa kompyuta, mtu anakaa nyumbani kwake na pointi zinaingia.

"Anasoma akiwa kwake?" Nduku akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na kwake ni wapi?"

Awiti akarudi garini.

Juzi alikwenda tena. Mlinzi, kijana wa Kikamba anayeitwa Muoki, alimletea kiti cha plastiki.

"Mwaitu, mama yangu, leo si mainjinia. Leo ni harusi."

"Wao ni lini?"

"Hawajasema."

Nduku alikiangalia kile kiti, hakukaa. Alirekebisha kitambaa chake kichwani.

"Wakisema, uniambie."