Ruhusa ya Chale Zangu

Nilikuwa fundi wa malori Tunduma, mwanamke peke yangu gereji nzima, nilipoomba kujiunga na jeshi upande wa ufundi. Walitaka vijana wenye cheti cha magari makubwa, nami cheti ninacho. Umri nao ulikuwa bado unaniruhusu, ingawa kwa kubana. Nilishachoka kulala chini ya malori kwenye foleni ya mpakani, maji ya mvua yakinipita mgongoni, huku dereva kutoka ng'ambo akinihimiza kwa Kibemba. Nilitaka karakana yenye sakafu.

Usaili ulifanyika Vwawa. Mbio nilimaliza, maswali ya injini niliyajibu yote. Kwenye ukaguzi wa mwili, afande wa kike alinishika kidevu, akanigeuzia uso kwenye mwanga wa dirisha.

"Hizi juu ya nyusi ni nini?"

"Chale, afande. Nilichanjwa nikiwa mtoto."

"Sharti linasema usiwe na alama ya kuchorwa wala kuchanjwa."

"Nilikuwa mgonjwa, afande. Sikujichanja mwenyewe."

Alinitazama, na sikuona ubaya machoni pake. Alisema sharti hilo linaweza kulegezwa kwa aliyechanjwa kwa ajili ya tiba, lakini ruhusa hutoka juu. Nipeleke barua ya maombi, maelezo ya daktari na uthibitisho wa serikali ya kijiji nilikozaliwa.

Daktari alizipapasa zile chale kwa kidole gumba, akasema anaweza kuandika kwamba ni makovu ya zamani, basi. "Sababu yake siijui, dada. Niletee mtu aliyekuwepo."

Aliyekuwepo ni mama yangu. Nilipanda gari mpaka Mlowo, kisha pikipiki mpaka Iyula. Nilimkuta uani anaanika kahawa. Nilipomweleza, aliendelea kuzisambaza punje kwa kiganja kana kwamba hakusikia.

Lazima nieleze hapa. Mama yangu ni kiongozi wa kina mama kanisani kwetu, na kanisa letu humtenga mtu aliyekwenda kwa mganga. Nilipougua degedege utotoni, barabara ilikuwa haipitiki kwa matope, na bibi alinibeba mgongoni mpaka kwa mganga wa jirani. Mama alifuata nyuma. Kanisani walisema nilipona kwa maombi, na mama hakuwasahihisha. Sasa mtendaji wa kijiji, ambaye ndiye wa kugonga muhuri, alikuwa pia mzee wa kanisa.

"Mama, kama ni shida, niache," nilimwambia.

"Ukiacha utarudi kwenye malori?"

"Nitarudi."

Alinawa mikono, akabadilisha kitenge, tukaenda.

Ofisini alikataa kiti. Mtendaji aliuliza kwa upole, "Mama, wewe ndiye uliyempeleka?"

"Mama mkwe wangu ndiye aliyembeba. Mimi nilimshika miguu wakati anachanjwa. Andika hivyo."

Mtendaji aliandika, akagonga muhuri, akanikabidhi karatasi bila kumtazama mama. Karatasi hiyo ilimtosha daktari, naye akaandika maelezo yake. Jumapili iliyofuata mama aliwaeleza wazee wa kanisa mwenyewe, kabla hawajamwita. Wakamtenga na meza ya Bwana, na uongozi wa kina mama akapewa mwingine.

Mimi nilikuwa kwenye safari zangu za Vwawa. Mara muhuri wa daktari haukusomeka, mara anayepokea barua yuko likizo, mara faili limepelekwa mkoani na mkoani hawajaliona. Nilizoea benchi la pale. Kila nikirudi gereji nilikuta kazi yangu amepewa mwingine, nami nikaokota zilizobaki. Ilifika mahali sikuwa tena na hamu ya jeshi. Nilikuwa nataka tu mtu aseme ndiyo au hapana.

Walisema ndiyo. Afande yuleyule alinipigia simu. Nilipofika alinionyesha sahihi: sharti la alama limelegezwa. Halafu akashusha sauti. "Wenzako wameshaondoka. Nafasi za ufundi zimejaa. Usaili ujao utakuwa umepita umri."

"Na umri unaombewa ruhusa?"

"Unaombewa. Unaanza upya. Barua, kijiji, mkoa."

Nilimshukuru. Nje nilikaa kwenye ngazi kwa muda mrefu, sikulia.

Nilikwenda Iyula kumwambia mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kijijini watahitaji aseme tena.

"Hapana, mama. Siombi tena."

"Mimi naweza kusema tena."

"Najua."

Sikuomba tena. Nilibaki Tunduma na malori. Uchungu haukuwa jeshi, ulikuwa kumwona mama Jumapili amekaa benchi la nyuma, karibu na mlango, wenzake wakimsalimia kwa haraka. Kila nilipopata nafasi nilikwenda kukaa naye.

Wazee walimrudisha mezani msimu wa kuchuma kahawa. Siku hiyo nilifika nimechelewa, mikono ina harufu ya dizeli. Mchungaji alimwita mbele, akamwombea, na mama akaenda mezani pamoja na wengine. Aliporudi, wanawake wa benchi la mbele walisogea kumpa nafasi. Akawapita, akaja mpaka nyuma, akaniambia nisogee.